Mamlaka ya Kusikiliza Kesi: Neno Moja, Mizigo Mingi

Mwanafunzi wa sheria anaposoma habari za mahakama za shirikisho za Marekani, swali la kwanza analofundishwa kuuliza si nani mwenye haki, bali ni mahakama ipi yenye idhini ya kusikiliza. Kifungu cha tatu cha Katiba ya nchi hiyo kimeziwekea mahakama hizo mipaka. Kesi nyingi za madai huingia humo kwa milango miwili: ama zihusu sheria ya shirikisho, ama wahusika wawe raia wa majimbo tofauti na kiasi kinachodaiwa kizidi dola 75,000.

Ukali wa kanuni hii unabainika katika kesi ya Capron dhidi ya Van Noorden ya mwaka 1804. Capron ndiye aliyeshtaki, naye akashindwa. Kisha akalalamika mbele ya Mahakama ya Juu kuwa kumbukumbu za kesi hazikuonyesha uraia wa wahusika. Hukumu ikabatilishwa, ijapokuwa kasoro ilikuwa yake mwenyewe! Funzo ni kwamba wahusika hawawezi, kwa maafikiano wala kwa kimya chao, kuipa mahakama mamlaka isiyokuwa nayo.

Kanuni hiyo si ngeni kwetu. Mwaka 1989, katika kesi ya meli ya Lillian S, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishikilia kuwa mahakama ikishatambua kwamba haina mamlaka, sharti isite papo hapo.

Hapa ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapohusika. Neno "mamlaka" limebebeshwa mizigo mingi: ni nguvu za mtawala, ni idhini ya afisa, ni shirika la kukusanya ushuru. Mwananchi akiambiwa kuwa mahakama "haina mamlaka", huenda akadhani kwamba ameshindwa, ilhali madai yake hayajapimwa kamwe. Amebisha mlango usio wake tu. Asipoelewa hivyo, atakwenda zake nyumbani, na muda uliowekwa na sheria wa kushtaki kwingine utampita.

Rai yangu ni kwamba tuseme "mamlaka ya kusikiliza kesi", bila kufupisha. Wapo watakaoteta kuwa fungu hilo ni refu. Naam, ni refu; lakini ni afadhali istilahi ndefu inayoeleweka kuliko fupi inayompotezea mtu haki yake.