Usiuze simu ya zamani kabla ya kuhamisha biashara

Hivi karibuni nilimtembelea mama mmoja mfanyabiashara wa viungo, mwenye ofisi ndogo ghorofani pale Mchafukoge, jijini Dar es Salaam. Alinionyesha simu yake mpya. Ilikuwa nzuri, kioo kikubwa na kamera safi. Nikampongeza. Akatikisa kichwa, akasema: "Mwanangu, simu ni mpya, lakini mimi nimekuwa mgeni ofisini kwangu mwenyewe."

Mama huyu hununua pilipili manga na mdalasini kutoka kwa wakulima wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, na kuviuza kwa wanunuzi wa hapa nchini na wa nchi za Ghuba. Alivuka Mnazi Mmoja akaenda Kariakoo, akanunua simu ya aina tofauti kabisa na ile aliyoizoea. Bei ilikuwa shilingi 420,000. Muuzaji akaipokea simu ya zamani kwa shilingi 150,000, mama akaongeza shilingi 270,000, biashara ikaisha. Simu ya zamani ikafutwa kila kitu palepale mezani na kuwekwa kabatini ikisubiri mteja mwingine.

Jioni ndipo mambo yakaanza kuonekana. Majina ya wakulima yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya simu ile, hayakuja. Picha za karatasi za mizani hazikuja. Barua pepe ilikataa kufunguka, kwa sababu miaka iliyopita alifunguliwa na kijana wa duka la simu, na neno la siri analijua kijana huyo peke yake. Namba iliyowekwa kwa ajili ya kurudishia akaunti ilikuwa laini aliyoacha kuitumia zamani.

Katika barua pepe hiyo kulikuwa na oda ya kilo 800 za pilipili manga kutoka kwa mnunuzi wa nje aliyekuwa akisubiri jibu. Siku tisa zilipita bila jibu, mnunuzi akachukua mzigo kwa mtu mwingine. Mama aliuza ule wa kwake hapa hapa mjini kwa bei iliyopungua shilingi 1,500 kwa kila kilo. Piga hesabu: amepoteza shilingi 1,200,000. Simu aliyodhani imemgharimu shilingi 270,000 ilimgharimu shilingi 1,470,000. Wakulima wawili nao walisubiri fedha zao, kwa sababu ushahidi wa uzito wa magunia yao ulikwenda na picha.

Sisi wachumi tunaiita hali hii gharama ya kuhama. Mkulima anaifahamu hata kama hajui jina lake. Ukinunua pampu ya kumwagilia ambayo vipuri vyake vinapatikana duka moja tu, bei uliyolipa dukani siyo bei yake yote. Siku utakapotaka kuiacha utakuta mabomba, viungio na hata fundi vinataka pampu ileile. Simu nazo ziko hivyo. Kila kampuni inakukaribisha kwa bei nafuu na kukupa sehemu ya bure ya kuweka vitu vyako. Ugumu unakuja siku ya kuondoka.

Na siku ya kuondoka haikwepeki, kwa sababu hata usipohama wewe, simu yenyewe inaweza kukuhama. Waliofanya kazi maofisini miaka ya 2000 wanaikumbuka BlackBerry, iliyopendwa kwa sababu ya barua pepe. Barua zile zilipitia mitambo ya kampuni yenyewe. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilisitisha huduma kwa simu zake za mfumo wa zamani, na hata kupiga na kutuma ujumbe kukawa hakuna uhakika. Nokia, ambayo kwa Watanzania wengi ilikuwa jina jingine la simu, ilitangaza Februari 2011 kwamba inauacha mfumo wake wa Symbian na kuhamia Windows. Mfumo huo wa Windows nao ulipata marekebisho yake ya mwisho Januari 2020. Leo sehemu kubwa ya soko imebaki kwa wawili: Android ya Google na iPhone ya Apple. Hakuna anayeweza kuapa kwamba miaka 15 ijayo itakuwa hivyo.

Wapo watakaosema dawa ni kurudi kwenye simu ndogo ya tochi na daftari. Siwacheki. Daftari halihitaji chaji, na mama yule angekuwa nalo angewalipa wakulima wake siku ileile. Lakini mnunuzi wa Dubai haandiki kwenye daftari letu. Usajili wa jina la biashara BRELA unafanyika kwa mtandao, na wateja wakubwa wanataka ankara na nyaraka za mzigo kwa barua pepe. Tusikimbie simu za kisasa. Tujifunze kuzitumia bila kufungwa nazo.

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 ilifanya kazi kwa kubonyeza namba za nyota na reli, na bado unaweza kufanya hivyo kwa *150*00#. Ukihamisha laini kutoka simu ya tochi kwenda simu ya laki nane, salio lako halitikisiki, kwa sababu fedha zimefungwa kwenye namba na namba ya siri, siyo kwenye chombo. Tena, mwezi Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilianzisha utaratibu wa kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba. Kabla ya hapo, kuhama kampuni kulimaanisha kuanza upya na wateja. Serikali ilitambua kwamba namba ni mali ya mfanyabiashara. Nasi tuitambue barua pepe yetu, majina yetu na kumbukumbu zetu kuwa mali, kama shamba na mizani.

Kwa hiyo, ndugu mkulima na mfanyabiashara, ukiamua kuhama fanya haya kwanza. Hakikisha laini unayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole vyako mwenyewe. Laini ya shemeji ikipotea, ni shemeji atakayeirudisha, na huenda siku hiyo yuko Tunduma. Fungua barua pepe kwa mkono wako, chagua neno la siri mwenyewe, liandike na ulihifadhi nyumbani pamoja na hati zako. Weka namba yako ya sasa kuwa ya kurudishia akaunti. Na uifungue mara kwa mara: tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka 2.

Pili, hifadhi majina ya wateja kwenye akaunti hiyo, usiyaache ndani ya simu peke yake. Barua pepe ya Gmail inafunguka kwenye Android, kwenye iPhone na hata kwenye kompyuta ya stesheneri. Huko ndiko kuwa huru.

Tatu, kuwa makini na WhatsApp, ambako ndiko biashara nyingi zinafanyika siku hizi. Nakala ya mazungumzo ya simu ya Android inahifadhiwa Google, ya iPhone inahifadhiwa iCloud, na nakala hizi hazisomani. Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, mazungumzo yanahamishwa moja kwa moja kutoka simu hadi simu, na kazi hiyo inataka simu zote mbili ziwe mkononi, ile mpya ikiwa bado haijaanza kutumika. Ukishauza ya zamani, umechelewa.

Nne, picha za risiti na mizani zitume kwenye barua pepe yako, au zichapishe. Kisha kaa na simu zote mbili kwa wiki mbili. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Shilingi 150,000 utakazozipata kwa kuuza leo ni zilezile, au pungufu kidogo, utakazozipata baada ya wiki mbili. Ukiridhika kwamba kila kitu kimefika, toa akaunti zako kwenye simu ya zamani, ifute mwenyewe, ndipo uiuze.

Vyama vya ushirika vya msingi navyo vina funzo hapa. Wapo makatibu wanaoandikiana na wanunuzi wa mazao kwa barua pepe binafsi. Katibu akibadili simu, akihama au akiondolewa na mkutano mkuu, mawasiliano ya msimu mzima yanaondoka naye. Barua pepe ya chama iwe ya chama, neno la siri liwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la chama, na makabidhiano yaandikwe kama yanavyoandikwa ya mhuri na kitabu cha stakabadhi.

Kwa wauza simu wa Kariakoo nina ombi. Msiishie kwenye kubandika kioo cha kinga na kuuza kava. Mteja akija kubadilishana simu, muulizeni kwanza kama amehamisha vitu vyake, na kumhamishia iwe huduma yenye bei yake. Na acheni kabisa kumchagulia mteja neno la siri. Naamini mama yule angelipa hata shilingi 20,000 bila kuomba kupunguziwa.

Nilipoaga, alikuwa ameweka daftari jipya mezani, akiwapigia wakulima mmoja mmoja kwa namba alizopewa na dereva wa fuso. Alikuwa amefika jina la kumi na saba. Kabla ya simu ile alikuwa na majina zaidi ya mia mbili.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.