MAJI YA RUVU YAPIMWE BOMBANI



Mwaka 1959, bendera ya Mwingereza ingali juu, mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa Mlandizi, wilayani Kibaha, ili mji wa Dar es Salaam upate maji. Kisarawe, iliyo vilimani karibu na Pugu, ikabaki kuutazama mji ule kwa kiu. Mwaka 1971, miaka kumi baada ya Uhuru, taifa liliahidi kwamba kufika 1991 kila mwanakijiji atapata maji kwa mwendo usiozidi mita 400. Mwaka ule ukapita. Bomba la kutoka Kibamba hadi Kisarawe lilizinduliwa na Rais Magufuli mwaka 2020, na mtambo wa Ruvu Juu nao umepanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196.

Kwa hayo twashukuru. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo twasema lililobaki.

Maji ya Ruvu huchujwa na kutiwa klorini mtamboni, kisha husafiri mbali chini ya ardhi. Siku ya mgao bomba hubaki tupu, na penye ufa maji machafu ya mitaro na vyoo huweza kupenya ndani. Maji yanaporudi huusukuma uchafu huo hadi majumbani. Klorini nayo hupungua kadiri maji yanavyokwenda mbali na kulala matangini. Shirika la Afya Duniani lataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mwananchi anapokinga ndoo yake. Basi kipimo cha Mlandizi hakimlindi mama wa Kisarawe. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kilitufundisha gharama ya maji machafu, na mgao wa mwishoni mwa 2022, Ruvu ilipopungua, ulionyesha jinsi mabomba yanavyoweza kukauka.

Wako wasemao: mwananchi na achemshe maji. Naam, achemshe. Lakini mkaa haugawiwi bure. Anayelipa ankara, kisha akanunua mkaa wa kuyasafisha yale yale, amelipia maji mara mbili.

Mwaka 2003 maji haya yalikabidhiwa kampuni ya City Water, yenye wabia kutoka Uingereza na Ujerumani. Mwaka 2005 Serikali ikavunja mkataba, nasi tukashangilia. Hatukumwondoa mgeni ili uzembe ufanywe na mwenyeji. Leo DAWASA ni shirika la umma, na umma ndio sisi.

Twadai mambo matatu. Kwanza, maji yapimwe bombani, mtaa kwa mtaa, na matokeo yabandikwe kila mwezi katika ofisi ya kata kwa Kiswahili. Pili, baada ya kila mgao mabomba yasafishwe kabla wananchi hawajaambiwa wakinge. Tatu, bomba linalovuja lizibwe upesi, na aliyetoa taarifa apewe jibu.

Nasi tuna wajibu. Anayetoboa bomba usiku ajiunganishie maji anawafungulia uchafu jirani zake wote. Matawi yetu yasimfiche. Kila tawi la Kibaha na Kisarawe lipeleke madai haya katika mkutano wa mtaa au wa kijiji, yaandikwe katika kumbukumbu, na mkutano unaofuata uulize yamefikia wapi.

Ankara humwambia mwananchi anadaiwa shilingi ngapi. Na aambiwe pia anakunywa nini.

Uhuru na Kazi!