Raskazone si viwanja tu

Raskazone, mtaa ulio kwenye rasi inayoikinga Bandari ya Tanga, ndipo majeshi ya Waingereza na Wahindi yaliposhuka Novemba 1914 na kushindwa na Wajerumani pamoja na askari wao wa Kiafrika, huku nyuki waliochokozwa na risasi, ambao leo hukumbukwa kuliko askari hao, wakiwauma wapiganaji wa pande zote mbili. Mkabala wake, Kisiwa cha Toten kina magofu ya misikiti na mikoko, yaani miti ya maji ya chumvi ambamo samaki hukulia. Inafaa Halmashauri ya Jiji iyatie makaburi ya vita, magofu na mikoko katika ramani moja ya mipango miji, kabla ya kutoa kibali kingine cha ujenzi ufukweni.