Kikulacho Ki Nguoni: Intaneti ya Nyumbani na Deni la Wasomi wa Kiswahili

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Katika nyumba nyingi zilizounganishwa na intaneti, jioni huwa wakati wa manung'uniko. Runinga inakwama katikati ya taarifa ya habari, mwanafunzi anashindwa kupakua maelezo ya somo, na simu ya mama inazungusha kiduara kisichokoma. Mzazi humlaumu mtoa huduma, mtoto humlaumu mzazi kwa kulipia kifurushi kidogo, na hatimaye fedha zaidi hutolewa ili kununua kifurushi kikubwa. Mara nyingi kasi haibadiliki, kwa kuwa kasoro haikuwa katika kifurushi bali ndani ya boma lenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa kasoro hiyo inaweza kutambuliwa na kurekebishwa kwa hatua chache ambazo yeyote aelewaye Kiswahili angeweza kuzifuata. Iwapo hazifuati, sehemu kubwa ya lawama inawaangukia wasomi wa Kiswahili, ambao hadi leo hawajamwandikia.

Kibugu ni mfano mwafaka. Eneo hili limo katika Kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika ukanda wa kahawa na chai. Boma la huku halikai chini ya paa moja. Huwa na nyumba kubwa ya wazazi, jiko lililojitenga, na aghalabu nyumba ndogo ya vijana wa kiume waliokwisha kutahiriwa. Kati ya nyumba hizo pana migomba, matangi ya maji, na kuta za mawe, mbao au mabati. Maelekezo mengi yanayopatikana kuhusu intaneti ya nyumbani yameandikwa kwa Kiingereza, na aliyeyaandika aliwazia nyumba ya mjini yenye sebule na vyumba vilivyopakana. Mkaazi wa Kibugu anayeyasoma anakumbana na vizingiti viwili kwa pamoja: lugha si yake, na nyumba inayozungumziwa si yake.

Zamani alikuwa na sababu ya kutazama mbali. Kabla ya mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya kimataifa ya intaneti. Mwaka huo nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na mwaka 2010 zikafuatwa na EASSy. Njia kuu ikapanuka. Ni kweli kwamba njia hiyo nayo hupatwa na maafa: mnamo Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika katika Bahari ya Hindi, watumiaji wa Kenya, Tanzania na nchi jirani waliathirika, na hapakuwa na mwenye boma ambaye angeweza kulitatua tatizo hilo. Hata hivyo, nyaya za baharini hazikatiki kila jioni. Anayesumbuka kila siku kuanzia saa moja usiku, huku jirani yake mwenye kifurushi kama chake akiwa salama, hana budi kuanza uchunguzi nyumbani.

Jaribio la kwanza ni la kutenganisha nje na ndani. Vifaa vyote viondolewe mtandaoni, kisha kipakatalishi kimoja kiunganishwe na ruta kwa waya, na kasi ipimwe asubuhi na tena usiku. Asiye na kipakatalishi asimame na simu yake hatua mbili tatu kutoka kwenye ruta. Matokeo huwa ya aina tatu. Kwanza, kasi ikiwa ndogo hata katika hali hiyo, kasoro ina uwezekano mkubwa wa kuwa nje, na mtoa huduma apigiwe simu akisomewa vipimo hivyo pamoja na saa zake. Pili, kasi ikiwa nzuri karibu na ruta lakini ikafifia katika nyumba ya vijana, tatizo ni la mawimbi. Tatu, kasi ikiwa nzuri kifaa kikiwa kimoja na ikaanguka vifaa vyote vinaporejea, tatizo ni la mgawanyo. Kila tokeo lina tiba yake, na kununua kifurushi kikubwa zaidi ni tiba ya sehemu tu ya tokeo la tatu.

Mgawanyo ni hesabu ambayo mteja angefaa kuielewa kabla ya kulipa. Kasi ya kifurushi hutajwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na baiti moja ina biti 8. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde, kikitoa kasi yake yote, hupakua megabaiti 1.25 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 1 itahitaji zaidi ya dakika 13. Video ya ubora wa juu hutumia takriban megabiti 5 kwa sekunde. Runinga mbili zikiwashwa kwa pamoja, bomba limejaa. Atakayejaribu kuhudhuria somo la mtandaoni wakati huo atakuwa kama mtu anayefungua mfereji wa bustani huku matangi mawili ya jirani yakijazwa.

Wapo pia wanywaji wasioonekana. Simu hupakia picha mtandaoni zenyewe, programu hujisasisha usiku, na runinga hupakua vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Upakiaji ndio hatari zaidi, kwa sababu vifurushi vingi hutenga nafasi ndogo kwa data inayotoka kuliko inayoingia. Njia ya kutokea ikizibwa na picha za harusi, hata maombi madogo ya kufungua ukurasa hukwama foleni. Tiba yake haigharimu chochote: upakiaji wa picha na usasishaji upangiwe saa za usiku wa manane. Aidha, ukurasa wa mipangilio ya ruta huonyesha orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Mwenye boma aipitie orodha hiyo na kuvitambua kimoja kimoja. Akikuta vifaa 14 ilhali vya nyumbani ni 9, ajue nywila yake imesafiri, na aibadilishe.

Suala la mawimbi linahitaji maelezo zaidi, na hapa mila za Waafrika zinatoa mfano ulio bora kuliko istilahi nyingi za vitabuni. Mtandao pasiwaya hufanya kazi kama baraza la wazee. Katika mkondo mmoja wa mawimbi, kwa kawaida anayezungumza kwa wakati mmoja ni mmoja. Wengine husikiliza, na kila mmoja hungoja kimya kabla ya kuanza. Wazungumzaji wanapokuwa wengi, kila mmoja hungoja zaidi. Tena, mzee azungumzaye polepole huchukua muda wa baraza zima hata kama ana neno dogo la kusema. Ndivyo ifanyavyo simu kongwe, au simu iliyo mbali na ruta: kwa kuwa ishara yake ni dhaifu, hutuma data polepole na kuwachelewesha hata walio karibu. Mtu anaweza kuongeza kifurushi mara mbili bila kulifupisha baraza hilo kwa dakika moja.

Kutokana na mfano huo, hatua za kuchukua hujieleza. Ruta isifichwe nyuma ya runinga wala ndani ya kabati. Iwekwe juu, mahali pa wazi, upande unaoelekea nyumba nyingine. Mabati huyarudisha mawimbi, ukuta mnene wa mawe huyadhoofisha, na tangi lililojaa maji huyameza. Ruta itumiayo laini ya simu ina mashaka ya ziada, kwani inahitaji pia kuupata mnara vizuri. Dirisha linaloelekea mnara huenda likafaa zaidi kuliko katikati ya nyumba, na jambo hilo huamuliwa kwa kupima, si kwa kukisia. Ruta nyingi za siku hizi hutoa bendi mbili. Bendi ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini ni ya polepole na ina msongamano. Bendi ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoka upesi mbele ya kuta. Runinga na kipakatalishi vilivyo sebuleni viwekwe katika bendi ya 5, na simu zilizo jikoni au uani ziachiwe ile ya 2.4. Katika bendi hiyo ya 2.4, mikondo isiyoingiliana ni 1, 6 na 11. Kama ruta ya jirani iko katika mkondo wa 6, busara ni kuhamia wa 1 au wa 11.

Kwa nyumba ya vijana iliyo mbali, wengi hununua kifaa cha kurefusha mawimbi. Kifaa hicho husaidia, lakini cha bei nafuu hupokea na kurusha katika mkondo uleule, yaani hulirudia kila neno la baraza mara mbili, na kasi inaweza kupungua kwa takriban nusu. Palipo na uwezo, waya mmoja uliofukiwa kati ya nyumba mbili na kuunganishwa na kirusha mawimbi cha pili huwa jibu la kudumu. Katika yote haya, kanuni ni moja: jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja, kisha kasi ipimwe. Abadilishaye mambo matano kwa pamoja hatajua ni lipi lililomponya.

Msomaji wa jarida hili huenda anajiuliza masuala haya yanawahusu vipi wanafunzi wa isimu na fasihi. Yanawahusu kwa sababu ya kanuni za nchi yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kutetea hali ambapo bibi wa Kibugu analipia huduma kila mwezi, ilhali maelezo ya kuitumia yamo katika lugha ambayo ni mjukuu wake pekee anayeielewa. Mjukuu akirejea shuleni, elimu ya boma nzima nayo hufunga safari.

Kuna watakaopinga kwa hoja kwamba istilahi hazijakubaliwa. Ni kweli kuwa wataalamu wamevutana kwa miaka mingi kati ya kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa kazi haikungoja mjadala uishe. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye kiolesura cha Kiswahili, na baadaye kampuni ya Microsoft nayo ikatoa kiolesura cha Kiswahili kwa baadhi ya programu zake. Kilichofuata kinafaa kuwatia wasomi wasiwasi. Istilahi ziliundwa, orodha zikachapishwa, lakini maelezo yanayozitumia katika kazi halisi yakabaki haba. Neno halikomai kamusini. Hukomaa pale mtu anapolitumia kumwambia mwenzake asogeze ruta kutoka nyuma ya tangi. Kama watu wa Kibugu wanasema ruta na waifai, mwandishi aanze na maneno hayo, kisha apendekeze mengine palipo na haja, badala ya kumlazimisha msomaji ajifunze msamiati mpya kabla ya kusaidiwa.

Wengine watasema kwamba fundi yupo, na kwamba si lazima kila mtu ajue kila kitu. Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kuwa asiyejua jina la ugonjwa wake ni rahisi kuuziwa dawa isiyo yake. Mwenye boma aliyepima kasi kwa waya na kwa mawimbi atamwita fundi akiwa na swali mahususi, na atatambua upesi iwapo anauziwa ruta mpya ilhali ile ya zamani ilihitaji tu kuinuliwa rafuni. Maarifa hayo madogo hayamwondolei fundi kazi; humwondolea mteja gharama isiyo ya lazima.

Kwa mintarafu hiyo, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi iliyo ndani ya uwezo wao. Kila chama kiandike mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu tatizo moja la teknolojia ya nyumbani, kwa Kiswahili sahili, na kiupeleke kwa watu wanaolipata tatizo hilo. Msomaji apewe ruta na mwongozo, kisha mwandishi akae kando na kunyamaza. Panapomkwamisha msomaji, sentensi ibadilishwe. Neno lisiloeleweka liondolewe, hata kama limeidhinishwa na baraza. Mhadhiri anaweza kuifanya kazi hiyo kuwa zoezi la muhula katika kozi ya tafsiri au isimujamii, na alama zitolewe kwa kigezo kimoja kisicho na upendeleo: je, intaneti ya boma lile imeongeza kasi?

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo mwaka 2021, hotuba za kukisifu zimekuwa nyingi. Zinafaa, na zisikome. Lakini mwaka ujao, baada ya hotuba na ngonjera, lingekuwa jambo la heshima iwapo chama kimoja kitasoma mbele ya wageni mwongozo wake wa kwanza, na aliyeujaribu huko Kibugu akapewa nafasi ya kusema ni sentensi ipi iliyomsaidia na ni ipi iliyompoteza.