Programu ya Simu Haileti Gari

Imekuwa ada siku hizi, kila palipo na mazungumzo juu ya usafiri wa vijijini, kusikia rai ileile ikitolewa kwa yakini kubwa, kwamba dhiki ya mkulima wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni kutojua gari liko wapi, na kwamba akipewa programu ya simu ya kumkutanisha na dereva, au ya kumchangisha nauli na jirani zake, basi dhiki hiyo itakuwa imekwisha. Rai hii ni batili, na wenye dhamana ya fedha za umma wanapaswa kuikataa mapema.

Mtu wa huko hakukosa habari. Nambari ya bodaboda anayo, ya kondakta wa Noah iendayo Masasi anayo, na aghalabu hujua tangu usiku kwamba gari la alfajiri limejaa au limeharibika. Anachokikosa ni gari lenyewe. Wakati wa minada ya ufuta, katikati ya mwaka, na ya korosho kuanzia Oktoba, malipo ya wakulima yanapoingia, magari huja yenyewe bila ya kuitwa na programu yoyote. Ikifika masika, fedha zimekwisha, udongo umekuwa tope na makalavati yamesombwa, magari yaleyale hutoweka, maadamu hapana mwenye gari aliye radhi kuvunja springi zake kwa nauli za abiria wawili, kisha arudi tupu.

Nachingwea ina ushahidi wake wa kale. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, walileta matrekta, wakajenga reli kutoka pwani na bandari ya Mtwara. Mradi ukafutwa mwaka 1951, mzigo wa kuilisha reli haukupatikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, hata vyuma vyake vikang'olewa. Chombo kilikuwapo, na kilijengwa na mafundi hodari. Wa kukilipia hakuwapo.

Watetezi wa programu watanijibu kwa kutaja m-mama, na hoja hiyo yastahili jibu la insafu. Mpango huo ulioanzia Shinyanga na Sengerema, na kuanza kuenezwa kitaifa mwaka 2022, umeokoa roho za watu: jamaa wa mama aliyepatwa na hatari ya uzazi hupiga 115 bila ya malipo, mpokeaji simu hutafuta ambulensi, na ikikosekana humwita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Naam, programu imo. Lakini imo mikononi mwa mpokeaji simu, wala mama hahitaji simujanja. Na dereva huamka usiku wa manane kwa kuwa ana yakini kwamba ujira wake utalipwa, na hautoki katika kibindo cha mgonjwa. Ondoeni malipo hayo, programu ibaki peke yake, nani ataamka?

Hata Dar es Salaam, penye abiria kila kona, programu ya Uber ilisitisha huduma mwaka 2022 kwa sababu ya kamisheni inayokatwa kwenye nauli, ambayo LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, iliiwekea ukomo wa asilimia 15, na haikurudi mpaka ukomo ulipopandishwa hadi 25. Dereva wa Ruangwa, ambaye nauli ya masika haimtoshi hata mafuta, atakatwa robo hiyo kutoka wapi?

Kwa hiyo nawasihi madiwani wa wilaya hizi mbili, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, pamoja nao: anzeni na makalavati. Kisha halmashauri iingie mkataba na wenye magari, iwalipe kwa safari za siku maalumu katika masika, za kwenda hospitalini na sokoni, gari lijae au lisijae, na saa zake zibandikwe katika ofisi ya kijiji, zitangazwe msikitini na kanisani. Kabla ya hayo kutimia, msiidhinishe hata shilingi moja ya kununua programu.