Tusingoje Ajali Ndipo Tujifunze

Kama unaishi Magongo, Port Reitz au Mikindani, bila shaka umezoea ngurumo za ndege zinazotua na kupaa pale Uwanja wa Moi, Changamwe. Hata watoto hawainui tena macho. Ndege imetua salama. Nani ana haja ya kuuliza imetuaje?

Ikianguka, hapo ndipo sote huuliza. Wachunguzi huitwa, magazeti hujaa picha, na baada ya matanga tunaambiwa funzo limepatikana. Lakini je, funzo hilo halikuwapo kabla ya watu kufa?

Kisa cha Nairobi kinatujibu. Asubuhi ya Novemba 20, 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa, iliyotoka Frankfurt ikielekea Johannesburg, ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Nairobi. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa vibawa vidogo vilivyo mbele ya mabawa, ambavyo huisaidia ndege kupaa ikiwa bado na mwendo mdogo, havikuwa vimefunguliwa. Mfumo wa hewa unaovisukuma haukuwa umewashwa.

Sasa sikiliza, msomaji. Kosa kama hilo lilikuwa limetokea mara mbili hapo awali, katika safari nyingine. Marubani waliziokoa ndege zao, abiria wakashuka salama, wakachukua mizigo yao wakaenda zao. Boeing iliongeza kifaa cha kuwaonya marubani baada ya watu 59 kufa Nairobi.

Miaka ilivyopita, wataalamu walianza kuzichunguza siku njema pia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, waliketi nyuma ya marubani katika safari za kawaida, kalamu mkononi. Waliandika makosa madogo madogo, na pia jinsi rubani alivyoyagundua na kuyarekebisha. Majina hayakuandikwa, wala hakuna aliyeadhibiwa. Kwani rubani mwenye hofu atakuonyesha tabia ya siku ya mtihani tu. Mwaka wa 2002, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilitoa mwongozo wa kazi hiyo.

Je, sisi wa ardhini? Dereva wa matatu huko Likoni anajua breki zake ni lazima zikanyagwe mara mbili ndipo zishike. Utingo pia anajua. Jana walifika, juzi walifika. Basi wanaona gari ni zima. Wakisema, wanaogopa tajiri atawafuta kazi. Nyumbani nako, mtoto aliyekuta gesi inavuja akaifunga, hunyamaza asije akaulizwa ni nani aliyeiacha wazi.

Jioni ya leo, mkishamaliza kula, waulize walio nyumbani: ni kitu gani wiki hii kilikaribia kutuletea balaa, na ni nani aliyekizuia? Atakayesema mshukuru, usimgombeze. Kisha kirekebisheni siku hiyo hiyo.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi na tuutafute ufa huo wakati ukuta ungali umesimama.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.