Dakika Tano za Dalali

Mwezi huu tuzungumzie kupanga nyumba. Ukipata kazi mji wenye chuo, kama Nachingwea na Chuo chake cha Ualimu, swali la kwanza huwa kodi. Dalali naye hakosi neno: "Ni hapo tu, dakika tano!"

Hebu piga hesabu. Tuseme kule mbali kodi imepungua shilingi 20,000 kwa mwezi, ila bodaboda ni 1,000 kwenda, 1,000 kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni 44,000. Umeokoa nini hapo? Na kama kila safari ni nusu saa, hizo ni saa 22 ambazo mwenzio hakuoni.

Sisemi wote tubanane mjini. Mimi asili yangu Matambarale, napenda nyumba yenye uwanja wa kuku na mkorosho wa kivuli. Lakini usiikague nyumba Agosti tu, jua likiwaka. Waulize majirani: Februari mvua ikikolea, bodaboda inafika mlangoni?

Na kama mmoja anafundisha Nachingwea, mwingine kazi yake Ruangwa? Hapo msivutane kwa kuangalia nani ana mshahara mkubwa. Kaeni karibu na anayechelewa kutoka, au anayenyonyesha. Mwenye nafasi zaidi ndiye abebe safari ndefu.

Kodi mtaizoea, jamani. Kula chakula cha usiku peke yako kila siku, hakuzoeleki. Tukutane mwezi ujao!